Madoa ya Mkonge

Marciana alikuwa amefika mwaka wa tisa akiwa dobi wa Getini, na watu wa mtaa ule walishazoea kumkuta ameinamia beseni kabla hata wauza chapati hawajawasha majiko. Getini ni jina la mdomoni tu. Kwenye karatasi za serikali ya mtaa pale ni Magomeni, Kilosa mjini, lakini tangu tawi la chuo lilipofunguliwa na geti lake likatazama upande ule, hakuna aliyesema tena anakaa Magomeni. Mwanafunzi akikosa bweni anaelekezwa Getini. Vyumba vya bei ya chini, dakika tano uko darasani, na chochote unachotaka kiko hapo hapo: wali maharage kwa mama wa kona, kopi na printi kwenye stesheneri zilizobanana ukuta kwa ukuta, chipsi jioni, vocha, kinyozi, bodaboda wa kukupeleka stendi. Ubaya wake nao ulijulikana. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo vyoo vinafurika. Jirani akikohoa chumba cha pili unaweza kumpa pole bila kunyanyuka kitandani. Na kila mwaka nyuso zilibadilika, wapya wakaja, wa zamani wakaondoka, asijue mtu nani alimaliza na nani aliishia njiani.

Marciana aliwajua kwa nguo. Shati jeupe na suruali nyeusi zikianza kuja kila wiki, huyo yuko kwenye mazoezi ya kufundisha. Binti akileta shuka mara mbili kwa wiki, Marciana hakuuliza. Suruali ikiletwa kupunguzwa kiuno, alijua hela ya mkopo imechelewa na mwenyewe anakula mara moja kwa siku. Alifua, akapiga pasi ya mkaa, akakunja, na yale aliyoyajua akayaacha ndani ya beseni.

Hakuwa mtu wa mjini kwa kuzaliwa. Wazazi wake walishuka kutoka milimani kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, na yeye alizaliwa kambini, kwenye nyumba za mstari mmoja zilizojengwa kwa ajili ya wakata mkonge. Huko ndiko alikoolewa na Donati, ambaye alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye chumba cha brashi, mahali nyuzi za mkonge zinaposafishwa na vumbi lake kujaa hewani kama unga. Shamba lilipopunguza watu, Donati alitoka na kifua kibovu. Wakahamia Kilosa, wakapanga chumba na sebule nyuma ya nyumba ya Mama Goodhope, na Marciana akanunua beseni mbili.

Nyumba ya Mama Goodhope ilikuwa na vyumba vinane vya wanafunzi, na katika chumba cha mwisho, kile kilichopakana na bafu, alikaa kijana aliyeitwa Brayson Ndaki. Alikuja mwaka wa kwanza akiwa mwembamba, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti. Kwao ni Ruhembe, kule kwenye miwa, ingawa baba yake alizaliwa Meatu na kuhamia na ng'ombe wake zamani kidogo. Brayson alikuwa wa kwanza kati ya watoto saba, na wa kwanza katika ukoo mzima kuvuka kidato cha nne. Alisomea ualimu. Kila Jumamosi alileta furushi lake mwenyewe, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akapiga soga na Marciana huku akimsaidia kukamua nguo nzito. Wanafunzi wengine hawakuwa wakikaa.

Ilikuwa Januari, kipindi Brayson alichopaswa kuwa mwaka wa tatu, Marciana alipolowanisha suruali yake ya kaki na mikono ikaanza kuwasha. Aliitoa kwenye maji akaitazama. Kwenye mapaja palikuwa na madoa magumu ya kahawia yaliyokaza kitambaa kama gundi. Hakuhitaji kunusa. Madoa yale aliyafua utoto wake wote, ya baba yake, kisha ya kaka zake. Ni maji ya mkonge. Hayatoki kwa sabuni peke yake, na hayampati mtu anayekaa darasani.

Hakusema kitu mpaka Brayson alipokuja kuchukua nguo.

"Brayson, siku hizi huko chuoni mnasomea mkonge?"

Kijana alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Aliangalia uani kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu.

"Nimedisko, mama," alisema. Ndilo neno lao la kuondolewa chuoni kwa kufeli. "Tangu mwezi wa kumi na moja. Masomo mawili, nimerudia, nimefeli tena."

"Na kila asubuhi unatoka na begi."

"Ndani kuna suruali ya kazi. Naenda Kimamba kwa baiskeli."

"Nyumbani wanajua?"

"Bado."

"Utawaambia lini?"

"Mwakani naomba chuo kingine. Nikishika barua mkononi ndipo nitasema." Alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye shati lake, akauvuta mpaka ukakatika. "Baba amenitangaza kanisani, mama. Kila Jumapili ananiombea kwa jina, mwalimu Brayson. Nitaanzia wapi?"

Marciana alikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini alimtazama kijana yule wa watu, alivyosimama ameshika nguo zake zilizokunjwa kana kwamba zitaanguka, akashindwa.

"Haya," alisema. "Mimi sijaona kitu."

Tangu siku ile nguo za Brayson alizifua peke yake, kwenye beseni la pili, na suruali ya kazi akaianika nyuma ya nyumba katikati ya kanga zake ili Mama Goodhope asiione. Mbele ya watu waliongea mambo ya mtihani na mvua. Hilo lilikuwa sharti lao, ingawa hakuna aliyelitamka.

Donati ndiye peke yake aliyejua, kwa kuwa pua yake haikusahau.

"Huyu kijana anakata mkonge," alisema siku moja, akishika suruali kwenye kamba.

"Nyamaza, baba. Anajificha."

"Anajificha mkonge?" Donati alikohoa muda mrefu. "Mwambie aondoe mwiba wa ncha kwanza, kabla hajavuta jani. Siku hizi wanaingizwa shambani bila kufundishwa."

Marciana alimfikishia Brayson maneno hayo. Brayson akacheka, akasema sawa, amwambie mzee asante.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi, Brayson alileta furushi kama kawaida. Mama Goodhope alikuwa uani amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Marciana alipofungua furushi, suruali ya kazi ilikuwa juu, na kwenye paja la kulia palikuwa na tundu dogo, na kuzunguka tundu hilo damu iliyokauka. Tundu lenyewe halikuzidi punje ya harage. Marciana alijua limetobolewa na nini. Mwiba wa ncha ya jani la mkonge unaingia kama msumari na kutoka bila kuacha kidonda cha kutisha. Wakubwa wa kambini walikuwa wakisema cha kutisha ni kile unachokiacha ndani.

Aliinua macho. Brayson alikuwa amesimama nyuma ya Mama Goodhope. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi.

"Mbona umetulia, Mama Samweli?" Mama Goodhope aliuliza, maana Marciana alikuwa na mtoto mmoja, Samweli, dereva wa malori huko Tunduma.

"Natafuta sabuni," Marciana alisema.

Aliizamisha suruali kwenye maji ya chumvi damu itoke. Alisema moyoni kwamba atamwambia Brayson baadaye, akiwa peke yake, aende hospitali akachomwe sindano ya pepopunda. Jioni alipoipeleka suruali ikiwa imeshonwa, Brayson alikuwa ametoka. Jumapili mvua ilinyesha kutwa. Jumatatu kijana aliondoka kabla Marciana hajaamka, Jumanne Donati alizidiwa na kifua, na kufikia Ijumaa Marciana alikuwa amemwona Brayson mara mbili akipita na baiskeli, anatembea vizuri, anasalimia vizuri. Akajiambia kidonda kimefunga.

Jumatatu iliyofuata Brayson hakwenda kazini. Alimwambia Mama Goodhope taya linamuuma, labda ni jino la mwisho. Mama Goodhope akampa karafuu aitafune. Jumanne akasema hawezi kutafuna. Marciana hakuyasikia haya. Alikuwa amekwenda Kimamba kwenye msiba wa binamu yake, akalala huko.

Jumatano asubuhi aliporudi alichukua nguo za Brayson alizokuwa amezipiga pasi tangu Jumapili, akabisha mlango wa chumba cha mwisho. Hakuna aliyejibu. Alisukuma. Brayson alikuwa kitandani, chali, shingo imepinda nyuma, mgongo umejikunja kiasi kwamba mkono ungeweza kupita kati yake na godoro. Mdomo wake ulikuwa umevutwa pembeni, meno yote nje. Mtu asiyejua angesema anacheka. Macho yalikuwa yanamwangalia Marciana, na yalikuwa macho ya mtu anayesikia kila kitu.

Nguo zilimtoka mikononi. Alipokuwa na miaka minane, kambini, alimwona mtu katika hali ile ile. Walimbeba kwenye machela mchana, na jioni wanawake wakaanza kulia.

"Brayson. Baba. Nimekuja."

Kijana alijaribu kutoa neno, na kule kujaribu tu kukaukaza mwili wake wote kama ubao.

Walimpeleka hospitali kwa bajaji, Marciana ameshika kichwa, Mama Goodhope ameshika miguu. Kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo mwili uliruka na kukakamaa, na kupitia meno yaliyofungana ilitoka sauti ambayo Mama Goodhope alishindwa kuivumilia, akaanza kusali kwa nguvu, na ile sala nayo ikawa inamshtua mgonjwa, mpaka Marciana akamwomba anyamaze.

Mapokezi, muuguzi alishika kalamu. Jina. Umri. Anakoishi.

"Kazi?"

"Mwanafunzi," alisema Mama Goodhope.

"Alichomwa na kitu chochote karibuni? Msumari, mti?"

"Mkonge," alisema Marciana. "Paja la kulia. Leo siku ya kumi na mbili." Muuguzi akainua uso. "Si mwanafunzi, sista. Ni kibarua wa mkonge, Kimamba."

Brayson alikuwa kwenye machela hatua mbili kutoka pale. Hakuweza kugeuza kichwa. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho, yakaingia masikioni. Mama Goodhope alimtazama Marciana kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Walimlaza kwenye chumba cha peke yake, madirisha yamezibwa kwa shuka, maana mwanga na kelele vilimrudishia mshtuko. Dawa alipewa, sindano alipewa. Daktari aliwaita wanawake wale wawili nje, akasema amechelewa kufika, wafanye haraka kuwaita wazazi.

Mama Goodhope alipiga simu kwa kutumia simu ya mgonjwa. Kwenye orodha jina lilikuwa limeandikwa Baba tu. Alipomaliza alimrudia Marciana.

"Nimemwambia baba yake mwanawe anaumwa sana. Hayo mengine ni yako. Wewe ndiye uliyeweka siri na mwanawe, wewe ndiye utakayemwambia."

Mzee Ndaki alifika Alhamisi mchana na basi la Mikumi. Alikuwa mtu mkubwa, mweusi, mwenye koti la suti lililopauka mabegani na kofia ya pama. Marciana alimpa shikamoo kwenye kibaraza cha wodi, akaitika marahaba kwa adabu, akauliza huyu ni nani. Wakamwambia ni dobi wa pale nyumbani, ndiye aliyemkuta. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mama. Mungu akulipe."

Daktari alimweleza kwamba kijana alichomwa na mwiba. Mzee Ndaki hakuuliza mwiba gani. Kwake Ruhembe miiba iko kila mahali. Aliingia kwenye chumba kile cha giza, akavua kofia, akakaa kwenye stuli sikioni mwa mwanawe, na kwa siku tatu hakutoka isipokuwa kwa haja. Alinong'ona, kwa sababu walimkataza kuongea kwa sauti. Marciana aliyekuwa akileta uji wa mgonjwa, uji ambao haukuweza kunyweka, alimsikia.

"Jikaze, mwalimu. Imebaki miezi minne tu. Mama yako ameshanunua kitenge cha mahafali. Wadogo zako wote watakuja, nitakodi gari. Jikaze."

Kila aliposema hivyo vidole vya Brayson vilikwaruza shuka. Baba mtu alidhani ni maumivu, akavishika.

Marciana alisimama mlangoni na bakuli lake. Aliwaza kusema. Aliwaza pia kwamba kama kijana huyu atakufa, acha afe akiwa mwalimu masikioni mwa baba yake. Mpaka leo hajui kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa woga.

Brayson alifariki Jumapili saa mbili asubuhi, kengele ya kanisa ikilia. Mishtuko ilimfuata mmoja nyuma ya mwingine, na wa mwisho ulimziba pumzi.

Jumatatu mzee Ndaki alikuja Getini amevaa koti lake. Pikapu ya kubeba maiti ilikuwa imeshapatikana, ingeondoka saa sita. Alikuta Marciana amemaliza kupiga pasi shati jeupe na suruali nyeusi, zile za kufundishia, za kumvalisha marehemu.

"Mama, nisindikize chuoni," alisema. "Lazima niwaage walimu wake. Na nataka waniazime joho, hata kwa leo tu, tumfunike nalo. Wenzake pia, wakipatikana wawili watatu wa kusema neno makaburini, itapendeza."

Walitoka. Kutoka nyumba ya Mama Goodhope mpaka getini ni umbali wa kuimba wimbo mmoja. Asubuhi ile mtaa ulikuwa na pilikapilika zake: wanafunzi wamepanga foleni ya kopi, mama wa kona anapakua maharage, redio ya kinyozi inaimba. Waliopishana nao walimpa mzee shikamoo bila kujua ni nani, naye akaitika kila mmoja, akiwatazama kwa upendo, kama wote walisoma na mwanawe. Walipofika mbele ya stesheneri ya mwisho Marciana alisimama.

"Baba, tusiende."

"Kwa nini?"

"Brayson hakuwa tena mwanafunzi. Alifeli, wakamwondoa, mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Alikuwa anakata mkonge Kimamba. Ule mwiba ni wa mkonge."

Mzee Ndaki hakupandisha sauti.

"Mwanangu yuko kwenye jokofu, mama. Amelala pale hawezi kukujibu, na wewe unamsingizia?"

Akavuka barabara, akaongea na mlinzi, akaingia.

Marciana alikaa kwenye benchi la stesheneri. Mwenye duka, binti aitwaye Anitha, alimuuliza kama anataka kutoa kopi. Akasema hapana, anasubiri mtu. Alisubiri karibu saa nzima. Mzee alipotoka kofia ilikuwa mkononi. Alipita katikati ya wanafunzi bila kuitikia salamu ya mtu. Akaja mpaka kwenye benchi, akasimama.

"Kuna dada ameangalia kwenye kompyuta," alisema. "Amenigeuzia nione mwenyewe. Kwanza ameandika jina vibaya, nikafurahi. Akaandika tena."

Marciana alimsogezea nafasi kwenye benchi, mzee hakukaa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Januari hii, baba."

"Nani alikwambia?"

"Nguo zake."

"Na hicho kidonda?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Hakuna aliyemwona.

"Nilikiona, baba. Niliona tundu kwenye suruali, na damu. Palikuwa na watu, na yeye hakutaka ijulikane. Nikasema nitamwambia baadaye akachome sindano. Baadaye sikumwambia."

Mzee Ndaki alivaa kofia yake polepole, akaikaza kwa mikono miwili.

"Basi usije Ruhembe," alisema. "Usifike kwenye mazishi ya mwanangu."

Shati na suruali alizichukua. Saa sita pikapu iliondoka, na watu wa Getini waliosimama kuaga hawakufika kumi.

Habari zilienea, kama inavyokuwa mahali ambapo ukuta ni mmoja. Wengine walisema dobi alimfichia kijana mpaka akafa. Wengine walisema aliramba hela yake ya mkonge, jambo ambalo halikuwa kweli. Kwa wiki tatu beseni zake zilikaa kavu. Mama Goodhope hakumfukuza lakini aliacha kumwita kwa jina. Halafu mitihani ikakaribia, wanafunzi wakakosa muda wa kufua, na hakuna dobi mwingine aliyekuwa karibu wala rahisi kama yeye; mmoja mmoja wakarudi na mafurushi yao, wakiyaweka chini bila kumtazama usoni. Chumba cha mwisho kilipakwa chokaa. Kabla ya mwezi kwisha alihamia binti wa mwaka wa kwanza kutoka Gairo, akabandika kalenda ukutani. Hakuna aliyemwambia kitu.

"Ungesema mapema, angehamisha nguo kwa dobi mwingine," Donati alijaribu kumfariji. "Angekufa vile vile."

"Angehamisha," Marciana alisema. "Lakini angekuwa amesikia."

Akawa halali vizuri. Akawa akipewa nguo anazigeuza kwanza, mfuko kwa mfuko, mshono kwa mshono, na akikuta hata tone la damu anamfuata mwenyewe mpaka mlangoni kumuuliza, mbele ya watu. Wanafunzi walimcheka. Binti mmoja alilia kwa aibu, akahamisha nguo zake.

Mwezi wa tano simu yake iliita kutoka namba asiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke, Kiswahili chake cha taratibu, cha mtu anayetafuta kila neno.

"Mimi Agness. Mama yake Brayson. Njoo."

"Mama, baba yake alisema nisifike."

"Alisema mazishi. Mazishi yamekwisha. Njoo."

Alipanda gari la asubuhi linalopita kijiji cha Ulaya kwenda Mikumi, akashuka pale kwenye barabara kuu, akasubiri gari jingine la kuelekea Kidodi. Ruhembe walikuwa wanachoma miwa, masizi meusi yakitua kwenye kitambaa chake cha kichwa. Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, udongo bado mwekundu. Mzee Ndaki alikuwa amekaa kwenye kiti upande wa pili wa uwanja, akikarabati mpini wa jembe. Marciana alimpa shikamoo kwa mbali. Hakuinua kichwa.

Mama Agness alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake imepasuka kwa kazi. Alimkaribisha ndani kwenye kigoda, akampa maji, akakaa mbele yake magoti yakikaribia kugusana.

"Sikukuita nikusamehe," alisema. "Baba yake alileta maiti na begi. Hakuleta habari. Miaka mitatu mwanangu alikaa huko, mimi sijui aliamkaje. Niambie. Asubuhi alikuwa anakula nini?"

"Chapati mbili na chai ya rangi. Kwa mama wa kona. Jumamosi maandazi, na alitaka yale yaliyoungua kidogo."

"Ndiyo," mama alisema. "Hata hapa. Alikuwa anacheka?"

"Sana. Ukiwa ndani unamsikia."

"Alikuwa na mwenzake?"

"Palikuwa na binti, Lea. Mwaka wa pili walikuwa pamoja. Alimaliza, akaondoka."

Mama Agness aliuliza alilala kwenye godoro la namna gani, alipougua malaria nani alimpikia, kama alikuwa anakwenda kanisani. Marciana alijibu kila kitu, na asilolijua alisema halijui. Walikaa hivyo mpaka jua likahamia upande wa pili wa mlango.

"Sasa niambie ile Jumamosi," alisema mama.

Marciana alimwambia. Mchicha wa Mama Goodhope, suruali, tundu, kile kichwa kilichotikiswa. "Niliona, mama. Nikashona."

"Ulishona kwa uzi gani?"

"Wa kahawia. Uliofanana."

Mama Agness alifunika uso kwa ncha ya kanga, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Marciana hakumgusa. Hakuona kama ana haki hiyo. Baadaye mama alijifuta, akasimama, akamwambia awahi, magari ya Mikumi yanaisha mapema.

Alipotoka, mzee Ndaki aliweka jembe chini, akaondoka mbele yake kuelekea barabarani. Hakumwita, lakini alipoona Marciana anasita alisimama akamngoja. Walitembea kati ya miwa mpaka kwenye kituo. Wakasimama. Gari lilionekana kwa mbali, likivuta vumbi.

"Huo mkonge," mzee alisema akiangalia barabara. "Alikuwa anaukata vizuri?"

Marciana alitamani kusema ndiyo.

"Sijui, baba. Sikuwahi kumwona shambani. Mikono yake ilikuwa imeota sugu, hilo niliona. Na hakuwahi kukosa siku hata moja."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Gari likafika, akalipungia mkono lisimame, akamshikilia mlango mpaka Marciana akapata pa kukaa. Kisha akageuka, akarudi alikotoka, katikati ya miwa.